Kitabu cha Idi: Unampa Msomaji au Unalipamba Kabati?



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, kila inapokaribia Idi hapa kwetu Bujumbura, mitaa ya Buyenzi na Bwiza hujaa watu wanaotafuta nguo, viatu, mapazia na mchele. Hilo halina ubaya, Idi ni siku ya furaha na kuvaa vizuri siku hiyo ni katika Sunna. Na Alhamdulillah, miaka hii wapo pia wanaokumbuka kutoa kitabu kama mkono wa Idi. Makala hii inawahusu hao hao wanaotoa vitabu. Wasiotoa kabisa tuna maneno nao siku nyingine.

Ninalotaka kusema ni hili, na nitalisema waziwazi hata kama litawaudhi baadhi ya ndugu zangu, wakiwemo walimu wenzangu wa madrasa: vitabu vingi vinavyotolewa Idi havisomwi, na lawama si ya aliyepewa. Lawama ni ya aliyetoa. Hakumchagulia msomaji, alijichagulia mwenyewe.

Ingia nyumba yoyote kati ya nyumba zetu, tazama juu ya kabati la vyombo. Utaona vitabu vinene vyenye jalada la kijani au jekundu na herufi za dhahabu, vimepangwa vizuri, vimefunikwa kitambaa. Vuta kimoja ukifungue. Kurasa bado zimeshikana! Kimekaa hapo miaka minane. Uliza kimetoka wapi, utaambiwa: "Huyu ni mjomba alimletea mtoto Idi ya mwaka ule." Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Mjomba alipata sifa siku ile. Watu walisema mashaallah, zawadi ya heri. Lakini mtoto alipata nini?

NIA NJEMA HAITOSHI

Najua jibu litakalokuja: "Ustaadh, lakini nia yake ilikuwa njema, na amali ni kwa nia." Kweli kabisa, na ujira wake uko kwa Mola wake. Lakini dini hiyo hiyo iliyotufundisha nia imetufundisha pia kufanya jambo kwa ihsani, yaani kulifanya vizuri. Ukimpelekea mgonjwa asiye na meno nyama ya kuchoma, nia yako ni njema na yeye atalala na njaa.

Tazameni mafunzo ya Mtume (SAW). Walimjia watu mbalimbali wakimuuliza swali linalofanana, naye hakuwapa wote jibu moja. Mmoja aliomba nasaha, akaambiwa asighadhibike, na kila aliporudia ombi lake akajibiwa hilo hilo. Mwingine aliuliza juu ya amali iliyo bora, akatajiwa Swala kwa wakati wake, kisha kuwatendea wema wazazi. Wanavyuoni wametueleza sababu: alikuwa akimtazama muulizaji, anajua huyu anahitaji nini. Na Sayyidna Ali (Radhi za Allah ziwe juu yake) amepokewa akiusia kwamba watu wasemeshwe kwa kiasi cha wanachoweza kukifahamu.

Na Qur'ani yenyewe, neno la Mola wetu, haikuteremshwa kwa siku moja. Iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23, aya kwa tukio lake, hukumu kwa wakati wake. Sasa wewe unampa mtoto wa miaka 9 tafsiri nzima kwa asubuhi moja ya Idi, halafu unamshangaa kwa nini hajaifungua!

Basi tuwapitie wasomaji mmoja mmoja.

1. MTOTO ANAYEUNGANISHA HERUFI

Watoto wetu wengi wa chuoni wana hali ya ajabu ambayo wazazi hawaitafakari. Akiwa na miaka 7 au 8 anasoma Juzuu Amma kwa herufi za Kiarabu bila kukwama, wala hajui maana ya analolisoma. Shuleni anafundishwa Kirundi, kisha Kifaransa. Nyumbani na barabarani anazungumza Kiswahili kutwa nzima, lakini hajawahi kushika kitabu cha Kiswahili ambacho ni chake. Yaani lugha anayoifahamu kuliko zote ndiyo asiyoisoma.

Mtoto huyu usimpe kitabu cha fiqhi. Mpe kitabu chembamba cha Kiswahili, chenye maandishi makubwa na sentensi fupi: visa vya Mitume, visa vya wanyama, hekaya za Abunuwasi. Kipimo ni rahisi. Mwache asome ukurasa mmoja mbele yako. Akikwama kila mstari, kitabu hicho ni cha mwakani. Akimaliza ukurasa na kugeuza mwingine bila kuambiwa, umepata.

Nimeshuhudia katika mashindano ya kuhifadhi kijana mdogo aliyeshinda akipewa mbele ya umati juzuu la kwanza la tafsiri ya Kiarabu. Juzuu la kwanza peke yake! Hajui Kiarabu, na mengine yaliyobaki hakuna aliyemwambia yako wapi. Watu walipiga takbira. Mtoto alikibeba kitabu kama anayebeba tofali, akampa baba yake.

2. KIJANA WA MIAKA 12 HADI 16

Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa, na hapa ndipo tunapowapoteza.

Umri huu ndio ambao msomaji huzaliwa au hufa. Kijana hataki tena visa vya sungura, na bado hajafikia vitabu vya wanavyuoni. Anataka hadithi. Anataka kujua nini kilitokea baadaye. Ukimnunulia riwaya ya Kiswahili, jamaa watakujia juu: "Riwaya ni uongo! Ni upuuzi! Mtoto wa Kiislamu asome kitabu cha dini."

Nawajibu ndugu hawa kwa heshima. Uongo ni maneno anayosemwa mtu ili ayasadiki na adanganyike. Anayeshika riwaya anajua tangu jalada kwamba ni kisa cha kutungwa, mwandishi hakumdanganya. Na kufundisha kwa kisa na mfano ni njia tunayoikuta ndani ya Qur'ani yenyewe. Visa vya Qur'ani ni haki na havilinganishwi na maneno ya viumbe, hilo halina mjadala. Lakini Suratu Yusuf imetuonyesha kwamba nafsi ya mwanadamu imeumbwa ikipenda kisa, na inafunzika kwa kisa. Wivu wa ndugu, subira ya baba, fitina, jela, kusamehe: vyote vimekuja katika kisa kimoja.

Kisha tuulizane, ni nani walioandika riwaya za Kiswahili za mwanzo? Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa mtoto wa Kiislamu wa Tanga. Kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ni kisa cha mtu aliyehusudiwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, nao wakageuzwa manyani. Mimi ni mwalimu wa akhlaqi, na nawaambia kwamba darasa la hasadi kijana atalisahau kabla hajafika nyumbani, lakini manyani wale hatawasahau. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtunga Bwana Msa, mpelelezi anayefumbua mambo kwa akili na si kwa ramli, katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Kijana anayejifunza kwamba kinachodhaniwa kuwa ni mzimu kina mtu nyuma yake, amepata faida kubwa katika mitaa yetu hii ya waganga!

Sisemi kila riwaya ni ya kila mtu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, imeandikwa kwa ustadi, lakini mna mapenzi na siasa humo, ni ya mtu mzima na si ya mtoto wa miaka 12. Kwa hiyo kanuni ni moja: usimpe mwanao kitabu ambacho hukukisoma wewe, au hakusomwa na mtu unayemwamini. Hii ndiyo kazi ya mzazi. Kukataza vyote ni uvivu, na kuruhusu vyote pia ni uvivu.

Na ukimnyima kijana huyu hadithi nzuri, usidhani kwamba atakaa bila hadithi. Simu iko mkononi mwake. Atazipata huko, na huko hakuna aliyemchagulia.

3. BINTI NA MAMA

Kwa nini mvulana akihitimu hupewa kitabu na msichana hupewa kanga na sufuria? Nauliza kwa sababu nimeliona mara nyingi. Katika darasa langu wasomaji wazuri zaidi ni wasichana. Yupo mmoja ambaye mama yake anauza vitumbua, naye husoma kila kipande cha karatasi ya kufungia kabla hajaiweka kitumbua juu yake: gazeti la zamani, daftari la mtu, karatasi ya dawa. Msomaji kama huyu katika nyumba ni neema. Idi ilipofika alipewa hereni.

Wanaosema kwamba kitabu si zawadi ya mwanamke hawaijui historia yao. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utenzi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Mama wa Kiislamu wa pwani, alipoona ajali inakaribia, zawadi aliyomwachia mwanawe ilikuwa ni maandishi! Leo tunasoma maneno yake zaidi ya miaka 160 baadaye.

Na mama wa nyumbani naye mtazameni hali yake. Hana saa mbili za kukaa na kitabu kinene. Ana dakika kumi wali ukiwa motoni, ana robo saa mtoto akilala. Mpe kitabu kinachosomeka vipande vipande: Hisnul Muslim yenye dua fupi fupi, au Arubaini ya Imam Nawawi, ambayo pamoja na jina lake ina hadithi 42, kila moja inasimama peke yake. Kitabu chembamba kinachofunguliwa jikoni kina heshima kuliko juzuu kumi zilizolala kabatini.

4. MZEE

Mzee wa miaka 70 anapewa Msahafu mdogo wa mfukoni kwa sababu ni mzuri na una zipu. Hauoni! Anaubusu, anauweka chini ya mto, anarudi kwenye Msahafu wake mkubwa uliochakaa. Ipo misahafu ya maandishi makubwa, itafuteni hiyo. Kama macho yameshindwa kabisa, zawadi yake si kitabu tu. Ni kitabu na mjukuu. Mwambie mjukuu, "Kila baada ya Alasiri utamsomea babu kurasa mbili." Hapo umewapa zawadi wawili kwa bei ya mmoja: babu anapata kusikia, na mtoto anazoea kusoma kwa sauti, tena mbele ya mtu atakayemsahihisha.

Hivyo hivyo kwa mtu mzima ambaye hakusomeshwa. Usimdharau kwa kudhani kitabu hakimhusu. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, wapokezi wa Sira wanaeleza kwamba mateka wasiokuwa na mali waliojua kuandika walikombolewa kwa kuwafundisha kuandika watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Ikiwa kufundisha herufi kulitosha kuwa fidia ya mateka, basi hakushindwi kuwa zawadi ya Idi. Mnunulie daftari na kitabu cha kuanzia, kisha umpe saa yako moja kila wiki. Saa hiyo ndiyo zawadi yenyewe.

5. ALIYESILIMU KARIBUNI

Ndugu huyu ndiye anayeonewa kuliko wote. Akishatoa shahada, kila mtu anamletea kitabu: cha mirathi, cha kuwajibu Wakristo, cha hitilafu za madhehebu, cha dalili za Kiyama. Bado hajajua rakaa za Magharibi! Baada ya miezi mitatu ana vitabu kumi na moja na hofu kubwa.

Mpe kitabu kimoja cha twahara na Swala, chenye picha kama kipo, na umkalishe umfundishe. Baadaye Sira ya Mtume (SAW), ili ampende huyo anayemfuata. Kisha tafsiri ya Qur'ani kwa lugha anayoisoma. Akiwa msomaji wa Kiswahili, ipo ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy iliyotimia mwaka 1969, na ipo ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani ya mwaka 1995. Akiwa amesomea Kifaransa, kama walivyo vijana wetu wengi wa vyuo vikuu hapa Burundi, ipo ya Profesa Muhammad Hamidullah ya mwaka 1959. Usimlazimishe lugha kwa sababu wewe unaipenda.

6. MWANAFUNZI WA ELIMU

Huyu usimbahatishie, muulize. Anajua kitabu anachokikosa mpaka jina la mchapaji. Mnunulie hicho hicho hata kama kinaonekana kidogo na hakina dhahabu jaladani. Na ukimuuliza akakwambia hataki kitabu, anataka taa ya kusomea, basi mnunulie taa.

MAJIBU KWA WENYE UDHURU

Wa kwanza husema: "Vitabu ni ghali." Kweli, vingi vinatoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, na franka yetu haina nguvu. Lakini pima na ile nguo ya Idi iliyovaliwa Swala ya asubuhi ikachanika jioni. Sisemi uache nguo. Nasema punguza mapambo ya nguo moja, kitabu kipatikane. Na ndugu watatu wanaweza kuchangia kitabu kimoja kikazunguka.

Wa pili husema: "Kwa nini ninunue na vitabu vya dini huja bure?" Allah awalipe wanaovichapa na kuvigawa, tumefaidika navyo sana. Lakini vimetuzoesha ugonjwa mmoja: kusubiri kitabu kama mgao wa chakula, na kupokea kilichokuja badala ya kutafuta kinachofaa. Tena kuna madhara yasiyosemwa. Aliyeandika kwa Kiswahili akaingia gharama za kuchapa atauza kwa nani, ikiwa Waislamu wanaamini kitabu chochote cha dini lazima kiwe cha bure? Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alikuwa anajaribu kuwafanya Waislamu wa pwani wasome mambo yao kwa lugha yao. Kazi hiyo haiendelei kwa dua peke yake. Inataka wanunuzi.

Wa tatu husema: "Simu ina kila kitu." Ina kila kitu, ndiyo shida yake! Mtoto anafungua aya moja, ujumbe unaingia, video inafuata, na aya imebaki pale pale. Anayeweza kusoma kitabu kizima katika simu na asome, simkatazi. Kwa mtoto anayejenga mazoea, karatasi ina fadhila moja kubwa: haimwiti aende kwingine.

KABLA HUJALIPA PESA

Ukiwa mbele ya muuzaji, jiulize haya manne:

- Mtu huyu anasoma lugha gani bila taabu? Nauliza anayoisoma, siyo anayoizungumza.
- Alichosoma mwisho akakimaliza ni kipi?
- Atakisoma wapi na saa ngapi, na macho yake je?
- Mimi nimekifungua ndani, au nimelitazama jalada tu?

Usipoweza kuyajibu, hujamjua bado unayetaka kumpa. Nenda kakae naye kwanza. Pengine hilo ndilo tatizo letu la asili: tunawanunulia watu tusiozungumza nao, hata tukiwa tunakula nao sahani moja.

Na ukishatoa, usitoweke. Andika jina lake ukurasa wa mwanzo na mwaka wa Hijria, ili ajue ni chake na si cha kabati. Baada ya wiki mbili muulize kisa kimefika wapi. Usimuulize kama mtihani, muulize kama mtu anayetaka kusikia. Akikwambia hakukipenda, usikasirike. Kipelekeni kwa mtoto wa jirani, umtafutie kingine. Kitabu kinachotembea nyumba kwa nyumba mpaka jalada likatoka ni sadaka inayoendelea kwa mwenye kukitoa, inshaallah, maadamu elimu yake inanufaisha.

Nawausia nyinyi na naiusia nafsi yangu: neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma. Halikuwa amri ya kumiliki vitabu, wala kuvipanga, wala kuvifunika vitambaa. Idi hii teremsheni vile vya juu ya kabati, vifuteni vumbi, na kila kimoja kitafutieni mwenyewe. Huenda zawadi mnayoitafuta dukani tayari mnayo nyumbani, ila imekosa mtu wake.

Tunamuomba Allah (SW) atukubalie funga zetu na Swala zetu, atujaalie watoto wenye kusoma na kufahamu na kutenda, na atuepushe na elimu isiyonufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.